Birika halina wati, lina ukinzani

Geuza birika lako la umeme uangalie chini. Langu lina kibandiko cha rangi ya fedha kilichoanza kuchubuka, na mstari mmoja wake bado unasomeka vizuri: 220–240V, 1850–2200W. Watu niliowaonyesha mstari huo karibu wote wameuliza swali lilelile. Sasa hili birika ni la wati ngapi? Mbona wametaja mbili?

Ni swali zuri kuliko linavyoonekana, na ukilifuata hadi mwisho utakuwa umeelewa sehemu kubwa ya hesabu za umeme wa nyumbani. Birika halina wati zake lenyewe. Lina ukinzani, yaani kiasi ambacho koili yake, ule waya wa ndani unaochemsha maji, inauzuia umeme kupita. Wati hupatikana pale ukinzani huo unapokutana na volteji ya nyumba ulimochomeka, na volteji ikibadilika, wati nazo hubadilika.

Tuipige hesabu kwa namba za kibandiko chenyewe. Kwenye volti 220 birika linatoa wati 1850. Gawanya 1850 kwa 220 upate mkondo, yaani kiasi cha umeme unaopita: ampea 8.41. Sasa gawanya volti 220 kwa ampea hizo 8.41 upate ukinzani: omu 26.2. Hamia upande wa pili wa kibandiko. Wati 2200 kwa volti 240 ni ampea 9.17, na volti 240 kwa ampea 9.17 ni omu 26.2 tena. Volti zimebadilika, ampea zimebadilika, wati zimebadilika, lakini omu zimebaki palepale. Nilipoiona mara ya kwanza nilirudia hesabu mara mbili nikidhani nimekosea. Kumbe kiwanda hakikuwa kinataja mabirika mawili. Kilikuwa kinaeleza koili moja ya omu 26.2 ikiwa katika mazingira mawili.

Hapo tumetumia kanuni mbili tu. Ya kwanza ni ya ukinzani: volti gawanya kwa ampea, au R = V ÷ I. Ya pili ni ya nguvu: volti zidisha kwa ampea, au P = V × I. (Wanafunzi huuliza kwa nini mkondo unaandikwa I. Herufi hiyo imetokana na Kifaransa cha mwanafizikia Ampère, aliyeuita ukali wa mkondo, na neno lake la ukali linaanza na i.)

Kanuni ya pili wengi huikariri bila kujiuliza kwa nini volti na ampea zikizidishwa zitoe nguvu. Fikiria malori yanayoingiza mahindi sokoni. Ukijua gunia moja lina thamani gani, na ukijua magunia mangapi yanapita getini kila dakika, ukizidisha unapata pesa inayoingia kila dakika. Volti ni thamani ya gunia: kila fungu la chaji, linaloitwa kulomu, linabeba nishati kiasi gani, kwa kipimo cha juli. Ampea ni hesabu ya mafungu yanayopita kila sekunde. Juli kwa kila fungu, mara mafungu kwa sekunde, ni juli kwa sekunde. Na juli moja kwa sekunde ndiyo wati moja. Kwa hiyo mtu akikwambia kifaa chake ni cha "volti 230" hajakwambia chochote kuhusu kazi kinayofanya. Ametaja thamani ya gunia bila kusema yanapita magunia mangapi.

Kanuni ya ukinzani ilipatikana kwa taabu zaidi. Georg Ohm alikuwa mwalimu wa shule huko Köln, Ujerumani, na tatizo lake la kwanza lilikuwa betri. Betri za wakati ule zilikuwa zinachoka katikati ya jaribio, volteji inashuka yeye akiwa bado anapima, namba zinakataa kukaa sawa. Ilipofika 1826 aliachana nazo. Akaunganisha shaba na metali ya bismuthi, maungio mamoja akayaweka kwenye maji yanayochemka na mengine kwenye barafu, kwa sababu tofauti ya joto kati ya maungio hayo huzalisha volteji ndogo lakini tulivu. Kisha akapitisha mkondo kwenye nyaya za shaba za urefu mbalimbali. Volteji ilipotulia, uhusiano ukajitokeza: kadiri waya unavyorefuka ndivyo mkondo unavyopungua, kwa mpangilio unaohesabika. Kitabu chake kilitoka 1827 na kilipokelewa kwa ubaridi nyumbani kwao. Heshima ilimfikia 1841, Royal Society ya London ilipompa nishani yake ya Copley. Namtaja kwa sababu shida yake ndiyo yetu hadi leo: huwezi kuuona ukinzani vizuri kama volteji inayumba na wewe huna habari.

Na volteji zetu zinayumba. Kwenye makaratasi Tanzania ni volti 230 na Kenya ni 240, lakini saa moja jioni, watu wamewasha kila kitu na nyumba yako iko mwisho wa laini, mita inaweza kukuonyesha 190. Ndio ule tunaouita umeme mdogo. Birika letu linafanyaje hapo? Koili bado ni omu 26.2. Volti 190 gawanya kwa 26.2 ni ampea 7.25. Zidisha kwa 190 upate wati 1378. Ukilinganisha na volti 230, volteji imeshuka kwa chini ya moja ya tano, ila nguvu imeshuka kwa karibu theluthi. Sababu ni kwamba volteji inaingia kwenye hesabu mara mbili: imepungua yenyewe, halafu imepunguza na mkondo. Ndipo inapotoka ile sura nyingine ya kanuni ya nguvu, volti zidisha kwa volti kisha gawanya kwa ukinzani.

Hapa kuna imani moja ambayo ningependa tuiangalie kwa namba, kwamba umeme mdogo unamaliza uniti za LUKU haraka. Chukua lita moja na nusu ya maji ya nyuzi 25. Kuyafikisha nyuzi 100 kunahitaji kilojuli 471 hivi, uwe na volti 230 au 190, maji hayajui. Kwenye volti 230 birika letu lina wati 2019, kwa hiyo litachukua sekunde 233, chini kidogo ya dakika 4. Kwenye 190 litachukua sekunde 342, dakika 5 na sekunde 42. Nguvu ndogo kwa muda mrefu, nguvu kubwa kwa muda mfupi, nishati ni ileile: 0.131 ya uniti, maana uniti moja ni kilowati moja ikifanya kazi saa nzima. Tofauti iliyopo ni lile joto dogo linalopotea kwenye ubavu wa birika wakati maji yanachelewa. Kwa birika, pasi na hita, umeme mdogo unakula muda wako zaidi kuliko uniti zako.

Friji ni habari nyingine. Mota si koili ya kuchemshia. Kompresa ina mzigo wa kusukuma, na volteji ikishuka inajaribu kuusukuma mzigo uleule kwa kuvuta mkondo mwingi zaidi, waya wake wa ndani unapata moto, na siku moja harufu inatoka nyuma ya friji. Ukiona taa zinafifia, chomoa friji kabla ya kuhangaika na birika.

Mfano wa kinyume chake nao unatokea sana kwa wenye ndugu Marekani. Kule umeme wa nyumbani ni volti 120. Ndugu anakutumia birika zuri la wati 1500, plagi inabadilishwa, linachomekwa. Kabla hujachomeka, hesabu. Wati 1500 kwa volti 120 ni ampea 12.5, na volti 120 kwa ampea 12.5 ni omu 9.6. Lipeleke kwenye volti 230: mkondo unakuwa ampea 24, nguvu inakuwa wati 5510. Zimezidi mara tatu na nusu ya kile koili ilichotengenezewa. Birika hilo halina hata nafasi ya kuchemsha maji ya kwanza. Ukilipeleka la kwetu kule, litatoa wati 550 na utasubiri chai hadi uchoke.

Sasa niingie kwenye fundo lenyewe, ambalo limewakoroga wengi hata waliofaulu fizikia. Kuna kanuni inayosema nguvu ni mkondo mara mkondo mara ukinzani. Aliyeithibitisha kwa vipimo vya joto ni James Joule, mtoto wa mwenye kiwanda cha bia huko Salford, Uingereza, mwaka 1841. Isome na utaona kwamba ukinzani ukiongezeka, nguvu inaongezeka. Lakini ile nyingine, volti mara volti gawanya kwa ukinzani, inasema ukinzani ukiongezeka nguvu inapungua. Zote mbili ni sahihi. Zote mbili zimetoka kwenye V ÷ I na V × I zilezile. Itakuwaje?

Swali la kujiuliza ni hili: ni kitu gani kilichotulia? Vifaa vya nyumbani vyote vinachomekwa kwenye volteji ileile. Soketi inakupa volti 230 na haikuulizi ukinzani wako. Kwa hiyo ukilinganisha kifaa na kifaa, chenye ukinzani mdogo ndicho chenye nguvu kubwa. Balbu ya zamani ya wati 100 ikiwaka ina omu 529. Ya wati 40 ina omu 1322. Watu wengi hubahatisha kinyume, kwa sababu sikio linadhani "kubwa" lazima iwe na kila kitu kikubwa.

Waya unaoelekea kwenye kifaa uko kwenye hali nyingine kabisa. Waya haujichagulii mkondo. Mkondo unaamuliwa na birika lililo mwisho wake, na waya unaupitisha tu. Kwa hiyo kwa waya kilichotulia, au kinachokaribia kutulia, ni mkondo, na hapo kanuni ya Joule ndiyo inayosema ukweli mtupu: ukinzani zaidi, joto zaidi. Birika linataka ukinzani wake uwe mdogo ili lipate moto mwingi. Waya unataka ukinzani wake uwe mdogo ili usipate moto kabisa. Ukishika tofauti hiyo, fundo limefunguka.

Nililiona hili waziwazi kwenye msiba mmoja mtaani kwetu. Turubai lilikuwa mbali na nyumba, ikaletwa ekstensheni ya kuzungusha kwenye gurudumu, meta 30, waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75. Walivuta kiasi cha kufika, waya uliobaki ukaachwa umejiviringisha hapohapo kwenye gurudumu, birika likachomekwa kwa ajili ya chai ya usiku. Baada ya birika la tatu mtu mmoja alikanyaga gurudumu peku akaruka. Tulipoligusa, plastiki ilikuwa laini kama mshumaa uliowekwa juani.

Hesabu yake ni hii. Waya wa shaba wa unene huo una omu 26 kwa kila kilometa. Meta 30 kwenda na 30 kurudi ni meta 60, yaani omu 1.56. Mkondo unapita kwenye waya kwanza kisha kwenye birika, kwa hiyo ukinzani unajumlishwa: 1.56 na 26.2 ni omu 27.76. Volti 230 gawanya kwa hizo ni ampea 8.29. Sasa mgawie kila mmoja haki yake kwa kanuni ya Joule. Birika linapata wati 1800 hivi. Waya unapata wati 107. Ukiunyoosha waya wote, hizo ni wati tatu na nusu kwa kila meta, hewa inazipokea na hakuna anayejua. Uuviringishe kwenye gurudumu, na umetengeneza hita ndogo iliyojifunika blanketi yenyewe. Shaba ikipata moto ukinzani wake huongezeka pia, takriban asilimia 4 kwa kila nyuzi 10, kwa hiyo joto linazidi kuita joto. Tangu siku ile siwezi kuona ekstensheni ya gurudumu bila kuivuta yote nje.

Soketi iliyolegea ni hatari kuliko hata waya mrefu, maana joto lake linakaa sehemu moja. Tuseme pini ya plagi haishiki vizuri na pale inapogusana pameingia nusu omu tu. Kwa mkondo wa birika, karibu ampea 8.8, hiyo nusu omu inatoa wati 38. Kile chuma cha kulehemea risasi ambacho mafundi redio hutumia, vingi huwa vya wati 30 hadi 40. Umekifukia ukutani kwenye soketi ya plastiki. Ndiyo maana plagi huwa nyeusi upande wa pini moja tu. Na fyuzi haitakusaidia, kwa sababu mkondo haujazidi. Kwa kweli umepungua kidogo. Dalili unayopewa ni harufu, rangi, na joto la plagi mkononi.

Fyuzi inalinda jambo jingine, la kujaza vifaa kwenye ekstensheni moja. Ongeza pasi ya wati 1000 pembeni ya birika letu. Pasi inavuta ampea 4.35, birika 8.78, jumla 13.13. Ukitafuta ukinzani wa vyote pamoja, volti 230 kwa ampea 13.13, unapata omu 17.5, chini ya birika peke yake. Kila kifaa unachoongeza ni njia mpya ya mkondo kupita, hivyo ukinzani wa jumla unashuka na mkondo kwenye waya wa ekstensheni unapanda. Fyuzi ya plagi yetu ya pini tatu ni ya ampea 13, na haikatiki mara tu zinapotimia. Inaweza kubeba ampea kadhaa za ziada kwa muda mrefu. Usiichukue kama mlinzi anayehesabu senti.

Hesabu hizi zina mipaka, na afadhali uijue kabla haijakutia mashaka. Ukichukua balbu ya zamani ya wati 60 ukaipiga hesabu, utapata omu 882. Ukiipima kwa mita ikiwa imezimwa, utasoma omu 60 au 70 hivi. Hakuna aliyekosea. Uzi wake umetengenezwa kwa tangsteni, na ukiwaka unafika zaidi ya nyuzi 2000, ukinzani unapanda zaidi ya mara kumi. Ndiyo maana balbu hizo hupenda kuungua sekunde unapobonyeza swichi: uzi wa baridi unameza mkondo mkubwa kabla haujapata moto. Koili za birika na pasi hutengenezwa kwa aloi ya nikeli na kromiamu, ambayo ukinzani wake haubadiliki sana, na ndio sababu nimelitumia birika. Taa za LED zina vifaa vya elektroniki ndani na mita ya omu haikuambii kitu cha maana. Na kwa mota pamoja na nyingi ya taa hizo, volti mara ampea inazidi wati zilizoandikwa, kwa sababu mkondo na volteji havipandi na kushuka kwa pamoja.

Kanuni hizi hizi ndizo zinazoeleza kwa nini umeme wa Bwawa la Nyerere kule Rufiji unasafirishwa kwenda Chalinze kwa volti 400,000. Tuache pembeni hesabu za fezi tatu. Megawati moja kwa volti 230 ingehitaji mkondo wa ampea 4348, na kwenye waya wa omu moja tu hasara ingekuwa wati milioni 18.9, kubwa kuliko mzigo wenyewe. Maana yake umeme huo haufiki. Kwa volti 400,000 mkondo ni ampea 2.5, na hasara kwenye omu hiyo moja ni wati 6.25.

Mwili wako nao ni ukinzani. Ngozi ikiwa kavu unaweza kuwa omu nyingi, makumi ya maelfu. Ikiwa imelowa unaweza kushuka hadi karibu omu 1000. Volti 230 kwa omu 1000 ni ampea 0.23, yaani miliampea 230. Kile kifaa cha kukata umeme unapovuja kwenda ardhini, kinachofungwa kwenye nyumba kwa ajili ya kuokoa watu, hukata kwenye miliampea 30. Linganisha namba hizo mbili kabla ya kugusa swichi ukitoka kuoga.

Kama una multimita, lichomoe birika, limwage maji, libonyeze swichi yake kana kwamba unalichemsha. Weka mita kwenye omu na uguse zile pini mbili za chini za plagi. Birika langu husoma 26 na kitu. Mita ikionyesha hakuna njia kabisa, koili au swichi imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, usilichomeke popote. Kisha hamisha ncha moja kwenye ile pini ndefu ya erthi, nyingine ibaki kwenye pini ya chini. Hapo mita inatakiwa ikae kimya. Ikitoa namba yoyote, umeme umepata njia ya kufika kwenye bati la birika, na huyo anayelishika asubuhi kwa mkono wenye maji anasubiri zamu yake. Mpelekee fundi, na umwambie namba uliyosoma.